Lenzi Isiyo na Hesi

Lenzi ile haikuwa na hesi ya kuzungushia, na bado ilizunguka kwenye mdomo wa kamera, ikakaza, ikatulia. Mwanalima hakuona ajabu yoyote. Alikuwa mgeni wa mambo hayo, akadhani ndivyo lenzi zinavyofanya zikishazoea.

Kamera yenyewe ilikuwa ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia. Mumewe Aboud aliinunua Kismayo mwaka ule Warusi walipofungasha wakaondoka na vitu vyao vikauzwa barabarani. Aboud alikuwa na jicho la biashara. Wapigapicha wote wa mji walikuwa wanaume, na nyumba gani itamwingiza mwanamume ndani ampige picha bibi harusi? Mwanalima angeingia bila hodi nyingi. Na kweli aliingia, wanawake wakampenda, kwa kuwa hakuwakalisha kama askari wa gwaride. Shida ilikuwa vyumba. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na kila aliporudi nyuma mgongo ulifika ukutani. Bibi harusi alitoka vizuri pichani, mashangazi wakatoka viwiko tu, na mashangazi wa Kismayo hawana subira kwa jambo kama hilo.

Akaenda kwa ami yake Idarus, mwenye studio karibu na bandari.

"Wewe wataka lenzi fupi," Idarus akamwambia. "Ndefu huvuta kichu karibu, fupi huupanua upeo. Lakini kabla ya hayo geuza lenzi, tazama nyuma yake. Kamera yako ni ya hesi, huzungushwa kama kifuniko cha chupa. Kuna nyingine zina meno ya kubana. Hizo si zako, hata ukipawa bure. Na ikikataa mara ya kwanza usiilazimishe, utaharibu mdomo. Kisha itazame juani, usije ukanunua kioo kilichoota ukungu."

"Nimesikia, ami."

"Haya. Umesikia."

Alisikia, lakini aliyenunua ni Aboud, ambaye hakuwepo. Alimletea lenzi fupi nzuri, imefungwa kwenye kitambaa, kutoka kwa baharia wa kisiwa cha Chovae. Baharia alisema wageni fulani walikwenda kupiga picha magofu ya kisiwani, wakaondoka mbio wakaacha vitu vyao mchangani. Aboud hakuuliza kwa nini waliondoka mbio. Mtu akipata kitu kwa bei nzuri huwa haulizi sana.

Nyuma ya lenzi palikuwa na meno. Mwanalima alijaribu hivyo hivyo, ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Basi akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya kwa kitu kigeni kilicholetwa nyumbani kikawa kikaidi. Akawasha chetezo, akatia udi, akaifukiza lenzi kila upande, akainyunyizia marashi kwenye kitambaa chake, na akamwambia mwenye kitu hicho asiyeonekana, kwa adabu aliyofunzwa tangu utoto:

"Mwenyewe, nipa idhini. Karibu kwetu, chukae pamoja."

Ikaingia.

Umi alikuwa amekaa mkekani akimvua mdoli wake nguo. Ndiye mtoto wao wa pekee, bado hajaanza kwenda chuoni kusoma Kurani, na kwa mama yake dunia yote ilianzia na kuishia kwake. Mwanalima akainua kamera. Chumba chote kilikuwamo, ukuta hadi ukuta, na kilionekana kipana kuliko alivyopata kukijua. Alifurahi hata akacheka peke yake. Akabonyeza.

"Mama," Umi akaita.

Mwanalima akageuka kutazama mlangoni. Sauti ilitoka nje, mtaa wa pili au wa tatu. Akaenda hadi kizingitini, akachungulia kushoto na kulia, jua la mchana likamchoma macho, hakuna mtu. Aliporudi, mtoto alikuwa pale pale mkekani amemnyooshea mikono, na midomo yake ilikuwa inasema "Mama", na neno lilikuwa linafika kutoka mbali.

Akajiambia ni masikio. Akayatia mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Lakini kesho yake sauti ilikuwa mbali zaidi, kama ya mtu anayeita kutoka jahazini na upepo unampinga, na Aboud naye akaisikia hivyo. Nyumba ikaanza kunuka udi, na chetezo kilikuwa kimelazwa jikoni hakina hata jivu. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya chokaa mbichi na kinyesi cha popo, harufu ya mahali ambapo paa limeanguka zamani. Ilitoka kwenye nywele za mtoto. Mwanalima alimwosha, akamwosha tena, akamkumbatia kifuani hadi wote wawili wakatoka jasho, na ngozi ya Umi ikabaki ya baridi, na kilio chake, kwa kuwa mtoto alikuwa analia, machozi yalionekana yakishuka, kilikuja kikiwa kidogo, kidogo sana, kana kwamba nyumba zote za mji zimesimama katikati yao.

Akachukua kamera akakimbilia kwa Idarus.

Waliisafisha filamu pamoja katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu. Karatasi ikalazwa kwenye dawa, na picha ikaanza kupanda. Kilikuwa chumba, lakini si chao. Kilikuwa kirefu mno, kuta za matumbawe zenye vidaka vitupu, vishubaka vya kuwekea vyombo, vilivyopangana hadi macho yakachoka, na huko mwisho kabisa alikuwa Umi na mdoli wake. Karibu naye alikaa mtu. Alikaa kwa adabu ya mgeni, kanzu safi, mikono juu ya magoti, viatu amevivua kando. Kila kitu pichani kilikuwa kimetoka wazi, hata nyuzi za mkeka, isipokuwa uso wake.

"Labda karatasi," Idarus akanong'ona. "Chutoe nyingine."

Wakatoa nyingine, kwa filamu ile ile, na katika ile ya pili Umi alikuwa mdogo zaidi, na mgeni amemkaribia zaidi, na Idarus, ambaye maisha yake yote alikuwa amesimama gizani na karatasi zake bila kuogopa hata panya, akaanza kusoma Ayatul Kursi na kuikosea, akaianza upya, akaikosea pale pale, huku mkono wake ukipapasa ukutani kutafuta mlango.

Nje, kwenye mwanga, akaitwaa kamera. Akafungua lenzi, akaigeuza, akapauka.

"Mwanalima. Iko wapi hesi?"

"Haikuwa nayo, ami. Ilikaa tu."

"Hii ni ya meno. Hii haikai hapa." Akaiweka kwenye mdomo wa kamera, ikateleza ikaangukia kiganjani. Akajaribu tena, ikaanguka. "Uliitiaje?"

Mwanalima akaichukua, akaizungusha, ikakaza.

Idarus akarudi nyuma hadi ukutani. "Toka nayo hapa, mwanangu. Mwite Bi Mwanapili."

Bi Mwanapili alikuwa fundi wa pepo, wa kisiwa cha Chula, mwanamke mfupi mkali ambaye hata masharifu walimwamkia kwanza. Aliletwa kwa mashua, akafika baada ya alasiri, akakaa mbele ya Umi, akamtazama muda mrefu. Kisha akauliza lenzi iliingiaje nyumbani, na Mwanalima akaeleza yote, udi, marashi na maneno.

"Lo!" fundi akasema. "Ungeitupa ingekuwa kheri. Ungeitukana ingekuwa kheri. Jini hakai kwa mchu yeyote, hutafuta anayemwingia sawa. Wewe humjui, ukamkaribisha kitako, ukamfukiza kama bwana harusi, kisha ukamwonyesha mwanao!"

Akawasha ubani. Akasoma, akamwamkia jini mwenyewe kwa heshima, akamwuliza jina lake na haja yake. Kinywa cha Umi kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mbali hata kidogo. Ilikuwa hapa hapa, nzito, ya upole, karibu na sikio la kila mtu.

"Mbona mwanifukuza? Nimekaribishwa."

"Twakuaga, bwana, hatukufukuzi," fundi akasema, na jasho lilikuwa linamtiririka. "Twakupa masurufu. Mbuzi mweusi, halua, maji ya waridi. Mrudishe mwana."

"Sili. Nakaa peke yangu tangu wenye nyumba walipohama. Nataka mchu wa kukaa naye."

"Mtoto hatakufaa."

"Atakua."

Aboud akaanguka kifudifudi akamwomba, mwanamume mzima, paji la uso kwenye mkeka. Fundi akasoma kwa nguvu, ubani ukajaa chumba, na sauti ile ikasema mara kwa mara, bila hasira, atakua, atakua, na nyuma yake, mbali kupita kiasi, mbali hata mama yake akalazimika kuzuia pumzi ili aupate, ulikuwepo uzi mwembamba wa sauti unaoita Mama, na kila ulipoita ulikuwa umepungua, na Mwanalima akajua kwamba ukikatika hautaungwa tena. Akaitwaa kamera. Akaigeuza kioo kikamtazama yeye.

"Bwana," akasema, "mimi ndiye niliyekukaribisha. Si adabu mgeni kukaa na mtoto, mwenye nyumba yupo."

"Mwanalima, hapana!" Aboud akapiga kelele.

Akabonyeza.

Umi akalia. Alilia kwa sauti yake, kali, ya kuumiza masikio, hapo hapo katikati ya chumba, na Aboud akamnyakua akacheka na kulia pamoja. Lenzi ikaanguka yenyewe kutoka kwenye kamera. Bi Mwanapili akaifunga na risasi za kuzamishia nyavu, akaizamisha kwenye kilindi akirudi kwao, na watu wakasema yamekwisha.

Mwanalima alibaki amekaa. Hula akilishwa, hulala akilazwa. Ukimwita hutazama juu ya kichwa chako, mbali. Midomo yake hucheza kutwa, wala hutasikia kitu.

Umi alikua, akaolewa mtaa huo huo, na kila siku alikuja kumwosha mama yake na kumsuka. Adhuhuri moja, amemaliza kumsuka, hamu ilimzidi. Akainama, akaliweka sikio lake kwenye midomo ile, akazuia pumzi, akasubiri. Na akamsikia. Ilikuwa sauti ya mama yake, mbali mno, imechoka, ikimjibu mtu kwa adabu.

"La, bwana. Umi alikufa. Homa ilimchukua, angali mdogo. Nakuapia, alikufa zamani, usiniulize tena."

Umi akavua bangili zake moja moja zisilie zikasikika huko, akainuka polepole, akatoka.