Draya ya Wodi ya Njiti

Jumamosi, saa 4:00 asubuhi

Obed alipanga wizi huku akila kiti moto. Alichora ramani kwa chaki kwenye mlango wa Land Cruiser uliong'olewa, akanyonya mfupa, akajifuta vidole kwenye pazia la chumba cha nyuma cha gereji, akaendelea kuchora. Mafuta yalimshuka mpaka kwenye saa ya mkononi. Ukimtazama hukuona jambazi mkubwa. Uliona mlafi.

Mlango ule ndio uliozaa dili. Rangi yake ilikuwa imetoka malengelenge. Kompresa ya Obed, mashine inayosukuma hewa ya kupulizia rangi, ilikuwa nzuri, lakini ilivuta ukungu unaoshuka Karatu kutoka Ngorongoro, ukungu ukageuka maji ndani ya bomba, na maji yakatoka pamoja na rangi. Jumatatu mwenye magari kumi na mawili ya watalii angekuja kukagua mlango mmoja wa mfano. Ukiwa safi, kazi ni ya Obed. Alihitaji draya, mashine ya kukausha hewa kabla haijafika kwenye rangi. Kuagiza kungechukua wiki saba.

"Ipo moja kule juu, misheni," alisema. "Ya hospitali."

Walikuwa watatu. Obed mwenyewe, mtu wa Machame, viatu vyeupe ndani ya gereji. Dennis, dereva wake, chalii wa Arusha asiyekaa dakika mbili bila kutema mate. Na Modest, fundi, mzaliwa wa Karatu, aliyemwoa Anneth, dada yake Dennis. Modest ndiye aliyeifunga draya ya hospitali mwaka juzi, na kila mwezi alikwenda kuihudumia. Ndiye pia aliyeropoka pale gerejini, kwa kujisifu, kwamba hewa ya kule ni kavu kuliko ya jangwani. Obed alisikia. Masikio yake hufunguka kila kinapotajwa kitu kinachobebeka.

Modest alijaribu kueleza. Kompresa ile inalisha mashine ya oksijeni. Ndani ya mashine kuna punje zinazochuja hewa. Punje zikilowa zinakuwa tope, na mashine inaendelea kunguruma huku ikitoa hewa ya kawaida tu. Wodi ya njiti ina watoto wanne wanaoitegemea.

"Hewa ni hewa," Obed alisema. "Wewe mbona unavuta ya bure?"

Dennis alicheka, akatema mate pembeni.

Modest angeweza kuondoka. Lakini miaka miwili nyuma alimwibia Obed pampu ya dizeli kwenye gari la mteja, na Obed alikuwa na video yake kwenye simu. Kwa hiyo alibaki. Usimhurumie upesi. Alibaki, kisha akaanza kusaidia kupanga, na akapanga vizuri. Hilo ndilo linalotia kinyaa.

Kompresa ile, alieleza, ina akili. Inapima unyevu wa hewa muda wote. Namba ikisoma hasi arobaini, hewa ni kavu. Ikipanda, mashine inatuma ujumbe kwenye simu tatu: ya daktari wa zamu, ya Sista Selestina wa wodi ya njiti, na ya Modest. Yeye atachomoa kipimo kwenye bomba na kukifungia ndani ya kopo la shanga za kukaushia, zile za bluu zinazogeuka waridi zikilowa. Kipimo kitasoma ukavu wa kopo na mashine itaamini. Hewa wataipitisha kwenye bomba la kando, lisilopita kwenye draya. Shanga zitadanganya kwa muda wa saa mbili hivi.

"Na draya yenyewe haina laini ya simu?" Obed aliuliza.

"Inayo. Nitaitoa."

Jumapili, saa 2:20 asubuhi

Ukungu ulikuwa umeufunika mlima wote. Pikapu ilipanda taratibu kwenye udongo mwekundu, Dennis akiwa kwenye usukani, wote wawili ndani ya ovaroli za kampuni isiyokuwepo. Obed hakuja. Alisema angewasubiri Rhotia, kwenye ghala fulani la mahindi, akamwambia Dennis peke yake ni lipi.

Mlinzi wa getini, mzee Martini, alimwamkia Modest kwa Kiiraqw na kumpa kitabu cha wageni. Modest aliandika jina lake. Dennis hakuandika lake. Kutoka kanisani ilisikika kwaya, na karibu wafanyakazi wote walikuwa huko.

Saa 2:35

Chumba cha mashine kilikuwa safi, sakafu imepigwa deki. Dennis alitema mate humo humo.

Modest alifunga koki mbili, akafungua ya bomba la kando. Akachomoa kipimo, akakifungia ndani ya kopo. Kioo cha kompresa kilisoma hasi arobaini. Halafu akaanza kufungua nati za draya. Alipofikia kijisanduku chenye laini, aliishika ile laini kwa kucha, akasikia hatua nje, akaiacha.

Alikuwa Sista Selestina, kikombe cha chai mkononi. Kila asubuhi kwa mwaka na nusu alimtumia Modest namba ya unyevu, bila kukosa. Aliuliza kama kuna tatizo, maana si kawaida fundi kuja Jumapili. Modest akajibu kwamba ni usafi tu wa kawaida.

"Mungu akubariki, fundi. Yule mtoto wa Cresensia leo kafikisha kilo moja na robo."

Alimwekea chai juu ya meza na kurudi wodini. Modest aliangalia kikombe, kisha akashika spana. Laini ilibaki mahali pake. Kama alisahau au aliiacha kusudi, hata mwenyewe asingekuambia.

Saa 3:05

Waliifunika draya kwa turubai ndani ya pikapu. Modest akavuta mlango wa abiria. Ulikuwa umefungwa. Dennis alishusha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Wewe unabaki, shemeji."

"Unasemaje?"

"Bosi kasema. Jina lililo kitabuni ni lako, sura wanaijua ni yako. Wakitaka mtu wa kumkamata, wanaye."

"Dada yako utamwambia nini?"

Dennis aliwaza kidogo, na hata katika kuwaza kwake hakukuwa na aibu. "Nitamwambia umezingua," alisema, akaondoka.

Saa 3:15

Nyuma ya chumba cha mashine kulikuwa na seng'enge, na ng'ambo yake shamba la kahawa. Dakika arobaini kwa miguu mpaka lami. Shanga zingemlinda. Modest alifika kwenye seng'enge, akainua mguu, akakumbuka boksi la spana lenye jina lake. Ndiyo, alirudi kwa ajili ya spana. Tusimpambe.

Boksi lilikuwa karibu na tangi la kompresa. Kwa mazoea tu alifungua koki ya chini. Yakatoka maji ya kahawia yenye mafuta, yananuka kama dimbwi la vyura waliokufa, nusu ndoo kwa muda mfupi ule. Ukungu wote wa mlima ulikuwa unaingia humo. Bila draya, unyevu uliobaki ulikuwa njiani kwenda kwenye punje. Kioo bado kilisoma hasi arobaini, kwa sababu yeye ndiye aliyekifundisha uongo.

Chai ilikuwa bado mezani, haijaguswa. Modest alijichukia mpaka akatapika ndani ya ndoo ile ile.

Halafu akafungua kopo na kuchomoa kipimo.

Simu yake ikalia. Wodini ikalia nyingine. Akazima mashine ya oksijeni kabla punje hazijaharibika zote, na Selestina alipoingia mbio alimkuta amesimama na kopo mkononi. Modest alimweleza yote, hata pampu ya dizeli. Selestina alikimbilia mitungi ya akiba ya oksijeni. Ilikuwepo mitatu, watoto wanne. Aliunganisha wawili kwenye mtungi mmoja, akasoma mishale ya vipimo vya mitungi na kupiga hesabu. Oksijeni ingetosha mpaka saa sita mchana tu.

Saa 4:30

Koplo Eva, polisi aliyeitwa na hospitali, alimfunga Modest pingu kwenye bomba la kompresa. Askari waliotumwa gerejini kwa Obed walipiga simu: hakuna mtu, kuna mifupa tu mezani. Kuhusu Rhotia, Modest alijua ghala tu, na Rhotia ina maghala ya mahindi kila kona.

"Ina laini," Modest alisema. "Akiiwasha itaniambia iko wapi."

"Na asipoiwasha?"

"Ataiwasha. Kesho ana mlango wa kuonyesha."

Walingoja. Kwaya ilimaliza, watu wakatoka kanisani, wakajazana dirishani kumtazama mwizi wa watoto.

Saa 5:10

Simu ilitetemeka. Draya imewaka. Chini yake ramani, na nukta moja nyekundu kwenye njia ya Rhotia.

Askari walimkuta Obed na kitambaa puani, anapuliza rangi nyeupe. Mlango ulikuwa umetoka laini, hauna lengelenge hata moja, na alipoona bunduki aliwaomba askari wasiuguse mpaka ukauke. Dennis hakungoja kuulizwa. Alimnyooshea bosi wake kidole kabla ya kushuka kwenye pikapu.

Saa 5:35

Draya ilirudi imetapakaa rangi, na juu yake alama za vidole vyenye mafuta. Koplo Eva alifungua pingu mkono mmoja. Modest aliifunga kwa spana zake mwenyewe, nati baada ya nati, akarudisha kipimo mahali pake. Namba ikaanza kushuka. Kumi. Sifuri. Hasi ishirini. Ilipofika hasi arobaini aliwasha mashine ya oksijeni, wakasubiri kioo chake kikubali kwamba oksijeni ni safi. Kikakubali. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu.

Selestina alirudi kutoka wodini, uso umechakaa. Ndani ya kopo shanga zilikuwa zimegeuka waridi zote.

"Wako wangapi, Sista?" Modest aliuliza.

"Wanne."

Alimpita, akasimama mbele ya kioo cha kompresa. Modest ndiye aliyewahi kumfundisha kukitumia. Alifungua orodha ya simu tatu, akaigusa ya mwisho, akabonyeza futa.

"Mashine haitakupigia tena," alisema.

Kisha akachukua kikombe chake, chai ikiwa bado imejaa, akaenda kuimwaga nje.