Mama Paspoti na Ufa wa Machimboni

Mama Paspoti alikuwa na kibanda cha picha karibu na lango la machimbo ya mawe. Ndani mlikuwa na kiti kimoja, pazia jeupe na kamera. Watu walikaa, wakanyoosha shingo, wakapigwa picha za vitambulisho. "Usicheke, hii ni ya serikali," aliwaambia. Mteja alikaa hatua mbili tu mbele yake. Kitu cha mbali hakuwahi kukipiga.

Mumewe alivunja mawe humo machimboni, na mdogo wa mumewe pia. Huyo shemeji, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno. Hakupita kibandani bila kumchokoza.

"Shemeji, nipige picha nzuri nipate mke wa pili."

"Mwambie kwanza huyo wa kwanza. Halafu nitakuja kukupiga picha hospitalini."

Kila Jumatatu wavunja mawe walipiga kura. Nyapara alitia vijiti kwenye kofia yake, kila mtu akachomoa kimoja. Vijiti vifupi vilitoa nafasi chini kabisa ya ukuta wa mwamba. Huko mawe yalipasuka kwa urahisi, na malipo yalifuata ukubwa wa lundo. Kila mtu alikitamani kijiti kifupi. Tuseme ukweli: watu wazima walikuwa wakigombea mahali pa kufia.

Siku moja Mama Paspoti alipanda kilima cha tangi la maji, ng'ambo ya machimbo. Akaona mstari mweusi juu kabisa ya ukuta. Ukiwa chini huwezi kuuona. Ulikuwa ufa. Alimwambia mumewe, mumewe akamwambia nyapara.

"Leteni ushahidi," nyapara alisema. "Mimi sisimamishi kazi kwa macho ya mwanamke mmoja."

Basi Mama Paspoti akaenda kutafuta lenzi ya kuvuta mbali. Aliichagua kama mtu anavyochagua sufuria, kubwa ndiyo bora. Akaona moja ndefu kama mkono, imeandikwa namba mia nane. Bei chee! Hakuuliza neno.

Siku hiyo hiyo alipanda kilimani adhuhuri, jua likiwaka. Alisimama wima, akainua kamera, akabonyeza. Picha ilitoka na giza. Mawe yalionekana kama yanacheza, na ule mstari ukawa kama wingu. Aliipeleka hivyo hivyo.

Nyapara aliigeuza juu chini. "Huu ni unywele. Umeanguka kwenye kioo chako."

Watu wakaangua kicheko. "Shemeji, umepiga picha moshi wa jikoni!" alisema shemeji yake. Mama Paspoti naye akacheka kwa aibu. Kicheko hicho alikuja kukijutia sana.

Jumatatu iliyofuata shemeji alichomoa kijiti kifupi. Alirukaruka kwa furaha. Alhamisi kipande cha ukuta kilianguka, kikubwa kama kitanda. Shemeji hakuwahi hata kupiga kelele.

Baada ya mazishi nyapara alisema, "Jiwe bovu limeshaanguka. Kazi iendelee." Mume wa Mama Paspoti alirudi kazini. Asiporudi, watoto watakula nini? Lakini Mama Paspoti alipanda tena kilimani akatazama. Mstari ulikuwa bado upo, tena umerefuka.

Aliifunga lenzi yake kwenye kitambaa, akaenda kwa fundi kamera. Fundi huyu aliwahi kupiga picha za mpira kwa miaka mingi, mpaka goti lilipomshinda. Alikuwa mkali kama pilipili, lakini kazi aliijua.

"Nani kakuuzia bomba hili?" aliuliza.

"Nimenunua mwenyewe. Niliona namba kubwa."

"Namba kubwa huvuta mbali, sawa. Lakini huvuta na mtikisiko wa mkono wako. Hili halina cha kutuliza mtikisiko. Tena linapokea mwanga kidogo, ndiyo maana picha ina giza. Anayeanza haliwezi."

"Kwa hiyo ninunue ya bei mbaya?"

"Nani kasema hivyo? Chukua iliyotumika, ila ikague. Kwanza, inaingia kwenye kamera yako? Zisipoingiana, umetupa fedha. Kisha mulika ndani kwa tochi. Ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Izungushe. Ikikwaruza, iache."

Akatoa lenzi fupi kabatini. "Hii inaanza sabini, inaishia mia tatu. Ina kituliza mtikisiko. Tubadilishane. Bomba lako nitampa mtu anayepiga picha mwezi, ana stendi nzito."

"Naitumiaje, fundi?"

"Anza na sabini, uutafute ukuta. Ukiuona, ndipo uvute. Ukifika mia tatu, kasi ya kamera isipungue sehemu moja ya mia tatu ya sekunde. Wewe weka mia tano. Picha ikiwa na giza, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Itakuwa na chenga kidogo, lakini afadhali chenga kuliko ukungu. Bana viwiko mbavuni. Egemea kitu. Toa pumzi, kisha bonyeza taratibu. Piga nne au tano, moja itatulia. Ulipiga saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Ndiyo maana! Mawe yakipata joto, hewa inachezacheza. Nenda asubuhi mapema. Na simama pale pale kila siku, uvute kiasi kile kile. Hapo utajua kama ufa unapanuka."

Mama Paspoti aliinama. "Ningejua haya kabla, shemeji yangu angekuwa hai?"

Fundi alimkabidhi lenzi. "Sijui, mama. Ila wenzake bado wako chini ya ukuta ule."

Asubuhi tano mfululizo Mama Paspoti alipanda kilimani. Aliegemea ukuta wa tangi, akabana viwiko. Siku ya kwanza picha mbili zilitulia, siku ya tatu zikatulia zote. Karibu na ufa paliota kichaka kidogo. Siku ya kwanza kichaka kilisimama. Siku ya tano kilikuwa kimelala, na ufa ungeweza kumeza mguu wa mtu. Mumewe alizitazama picha hizo, akasukuma sahani pembeni.

Jumatatu Mama Paspoti alizibandika langoni, zote tano kwa mstari. Watu walisogea kuzitazama. Nyapara akaja na kofia yake.

"Haya, kura! Nani anaanza?"

"Anza wewe," alisema mume wa Mama Paspoti.

Nyapara alizitazama picha. Akautazama ukuta. Mkono wake haukuingia kwenye kofia. Siku hiyo watu walivunja mawe upande wa pili.

Jumatano ukuta ulianguka wote. Vumbi lilifunika barabara. Watu walihesabiwa mara mbili, wakatimia, wote arobaini na mmoja. Tangu hapo hakuna kura kabla picha mpya haijabandikwa, na nyapara mwenyewe ndiye huiulizia.

Majirani walikuja kumpongeza Mama Paspoti. Mjane wa shemeji alikuja wa mwisho. Alizitazama picha moja baada ya nyingine.

"Kila jiwe linaonekana," alisema. "Ungezipiga hivi mara ya kwanza."

"Sikujua, dada." Machozi yalimtoka Mama Paspoti.

Mjane alijifuta uso. "Kaka zangu wawili bado wanafanya kazi humo. Kesho nani anapanda kilimani?"

"Mimi."

"Basi tunapanda wote. Unifundishe."

Asubuhi walipanda pamoja. Mjane alipoinua kamera mikono ilimtetemeka, akashindwa kubonyeza. Mama Paspoti alisimama nyuma yake, akavishika viwiko vyake na kuvibana. Walisimama hivyo muda mrefu, mpaka mikono ikatulia.