Mchimbaji Aliyefukiwa Kalemela

Masalu ana duka dogo la kuchapa na kutoa kopi mjini Bariadi. Analiendesha pamoja na Violeth, binti wa mama mwenye nyumba. Jumanne moja ya mwezi wa sita umeme ulikuwepo, wateja hawakuwepo, na Masalu akafungua gemu kwenye kompyuta yake. Ni gemu la kujenga ngome. Unapewa watu wadogo saba, unawaambia wakate miti, walime, wachimbe, na wewe unawaangalia kutoka juu.

Violeth akavuta kiti. "Mbona wote umewashusha chini? Juu si kuna mashamba mazuri tu?"

"Juu maadui wanakuja," Masalu akasema. "Chini unafunga mlango mmoja, basi, hakuna wa kukufikia. Halafu chuma kiko chini. Maji yako chini. Ukishuka kabisa unakuta mwamba wa moto, unafua chuma bila kuni. Kila ukishuka unapata sababu ya kushuka tena."

Violeth akacheka, akaanza kusoma majina ya wale watu. Yalikuwa majina ya ajabu ajabu, gemu huyatunga lenyewe. Akafika la nane.

"Huyu Jilala umemwandika wewe?"

Masalu aliangalia kioo cha kompyuta. Walikuwa saba asubuhi. Wa nane alikuwa chini kabisa, peke yake, anachimba mahali ambapo hakuna aliyemtuma.

Jilala lilikuwa jina la kaka yake, mtoto wa baba yake mkubwa, aliyekufa kisimani Kalemela miaka sita iliyopita.

Kisima kile walikuwa wanakichimba wawili, uani kwa mama yake Jilala. Jilala alikuwa chini. Masalu alikuwa juu, kazi yake kuvuta ndoo na kuangalia kingo. Siku ile aliona ufa kwenye ukingo, akasema atauziba baadaye, akaenda kivulini kuchezea simu. Aliporudi, kisima kilikuwa kimejaa udongo nusu yake.

Watu walikuja, wakachimba mpaka kingo zikaanza kuporomoka tena. Mwenyekiti wa kitongoji akawanyamazisha wote. Masalu ndiye aliyelala kifudifudi, sikio kwenye udongo.

"Unasikia chochote?" mwenyekiti akauliza.

Alisikia. Chini kabisa, mtu alikuwa anagonga. Ngo. Ngo. Ngo.

Masalu akafikiria ule ufa. Akafikiria Jilala akitolewa mzima, amekaa mbele ya watu, anasema nani alikuwa juu na alikuwa wapi.

"Sisikii kitu," akasema.

Wakafukia. Watu wakamshika mkono kumpa pole, naye akaipokea. Kesho yake alikwenda tena peke yake, akalala pale pale. Kulikuwa bado kunagongwa.

Sasa, dukani, maandishi mekundu yakatokea juu ya kioo: mchimbaji Jilala amefukiwa na kifusi, yu hai.

"Maskini," Violeth akasema. "Si uwatume wenzake wakamtoe?"

Masalu akaifunga kompyuta.

"Ni gemu tu," akasema. Violeth alimtazama, na Masalu akashindwa kumtazama. Alikuwa amefanya tena kitu kile kile.

Nje mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma. Ikapita dakika moja.

Ngo.

Violeth akageuka. Ngo. Ngo. Ilitoka sakafuni, chini ya sementi, katikati ya miguu yao.

"Nani anagonga?" akanong'ona.

Mdomo wa Masalu ulikwisha kufunguka kusema hasikii kitu. Akaufunga. Machozi yakaanza kumtoka mbele ya binti wa watu, mchana kweupe.

"Ni kaka yangu," akasema.

Kesho yake alishuka basi Lamadi, akachukua bodaboda hadi Kalemela. Milembe, mama yake Jilala, alikuwa barazani anachambua pamba.

"Mwangaluka, mayu," Masalu akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu. Umekonda."

Masalu hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alipiga magoti kwenye udongo, akasema yote: ufa, simu, sikio, sauti. Mikono ya mama haikusimama. Ilitoa takataka kwenye pamba, ikatoa nyingine.

"Alikuwa anagonga," mama akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Siku ngapi?"

"Mbili nilizosikia mimi. Sikurudi tena."

Mama aliweka pamba chini. "Nilikuwa nakupikia chakula," akasema taratibu. "Msiba mzima. Nilikuwa nakwambia kula, mwanangu." "Nenda Nassa katafute fundi. Mfukue."

Fundi aliitwa Kija, mchimba visima, mtu asiyependa maneno. Alifunga mbao vizuri kingoni, akachimba siku tatu na vijana wake. Majirani walijaa uani. Siku ya tatu, saa nane mchana, Kija alifika chini. Alikaa huko muda mrefu. Kisha akaomba avutwe.

"Hakuna mtu," akasema.

"Mifupa?" Milembe akauliza.

"Hakuna mfupa. Kuna njia. Imechimbwa pembeni, mtu anapita kwa tumbo. Nimepima kwa futi yangu ya kupimia mpaka mwisho. Mita nne na nusu." Akajifuta uso. "Mwisho wake pako patupu."

Milembe alimgeukia Masalu.

"Mwite."

"Mayu…"

"Mwite. Siku ile hukumwita."

Masalu alilala kifudifudi ukingoni, watu wote wakimwangalia. Aliita. Sauti ilitoka ndogo.

"Kwa nguvu," mama akasema. "Na useme wewe ni nani."

Akaita jina la Jilala, akataja lake. Akasema mbele ya majirani kwamba siku ile alisikia, lakini akawaambia hasikii kitu. Chini hakuna aliyejibu. Nyuma yake wanaume wawili waliokuwa wamemshika mkono kwenye ule msiba walivaa kofia zao wakaondoka. Hakuna aliyempa pole safari hii.

Milembe alikataa kisima kufukiwa. Wiki mbili baadaye alimrudisha Kija aje ajengee kingo kwa tofali. Kija alishuka, akapima ile njia ya pembeni ili ajue tofali ngapi za kuizibia. Akapima tena. Akapanda, akakusanya vifaa vyake, akaacha sementi yake pale pale.

"Mita sita," alimwambia mama. "Na udongo wa mwisho bado mbichi."

Milembe akamuuliza inaelekea upande gani.

Kija alinyoosha mkono kuelekea mashariki, upande wa Bariadi.