Ekzosi Aliyoichagua Dafroza

Jua lilikuwa linaelekea ziwani Magesa alipoingiza pikipiki yake kwenye uwanja wa fundi Luhende, pale Bunda, nyuma ya maghala ya pamba. Akaizima. Hakuna aliyegeuka kumwangalia, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Pikipiki ilikuwa mpya, ndefu, ya chini, ile aina ambayo dereva anakaa ameegemea kama mwenyekiti wa mkutano. Ilikuwa miaka ya ruksa. Juzijuzi tu watu walipanga foleni kwa kipande cha sabuni, na sasa mwenye uwezo aliagiza mashine ya Japani ikapitia mpakani Sirari na kufika Musoma bado imevaa nailoni. Magesa alikuwa ajenti wa sangara. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, na kila asubuhi maajenti waligombania samaki kule Guta, mwaloni, mitumbwi inapofikia. Waswahili husema kizuri chajiuza. Waswahili hao hawajawahi kununua sangara. Mwaloni ajenti husikika kabla hajaonekana. Mvuvi akisikia mlio wa mtu wake juu ya kilima, anamwambia mwenzake asiuze kwanza. Pikipiki ya Magesa ilikuja kimyakimya kama shemasi, na alipofika alikuta mizani ya wenzake imeshalowa.

"Niwekee ekzosi yenye sauti," alimwambia Luhende. "Isiyofanana na ya mtu."

Mkewe, Dafroza, alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu akisubiri lifti ya kurudi nyumbani. Alikuwa amekuja kumsalimia dada yake. Walikuwa na mwaka mmoja tu tangu wafunge ndoa. Binti wa kijiji cha Guta, mpole, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia. Magesa alimpenda kiasi cha kutia aibu. Wenzake walimcheka kwamba hata samaki alimnunua huku akitabasamu.

Luhende alifunga ekzosi ya kwanza, inayong'aa, iliyotoka Nairobi. Ilinguruma vizuri, lakini maajenti wawili walikuwa nayo tayari. Ya pili aliitengeneza mwenyewe kwa silensa ya Land Rover, na ndani akaijaza katani kupunguza kelele. Hiyo ilikoroma tu.

Dafroza aliinuka. Alipita katikati ya vyuma chakavu hadi kwenye ukuta wa nyuma, akafunua gunia, akainua bomba jeusi, nene, lenye ngozi ya kukwaruza. Karibu na mdomo wake palikuwa na mikato mitatu midogo, kama chale.

"Hii," alisema.

Luhende alifuta mikono yake kwa muda mrefu. "Hiyo si ya kuuza, shemeji. Kuna mtu aliiacha. Aliniambiaga mwenyewe akija ataijua."

Magesa angeweza kuuliza mkewe alijuaje kuna bomba chini ya gunia. Lakini mwanamume aliyeoa karibuni haulizi maswali ya namna hiyo. Alisema tu, "Ifunge tuisikie."

Iliingia bila kupigwa nyundo wala kuongezwa shimo. Magesa akawasha.

Uuuuu... uuuuu-wip!

Sauti ilianza chini, ikapanda, ikakatika juu. Mbwa wote wa mtaa ule waliokuwa wakibweka wakanyamaza kwa pamoja. Harufu ikatoka, harufu ya nywele zinazoungua.

"Rangi hiyo," Luhende alinong'ona. "Itaisha." Malipo akayakataa. Akaingia ndani na kufunga mlango kukiwa bado na mwanga.

Walipofika karibu na Kiabakari giza lilikuwa limeshika. Dafroza alimkumbatia mumewe kiunoni, shavu likiwa mgongoni kwake, na alikuwa anaimba kwa puani wimbo ambao Magesa hakuwahi kuusikia kanisani. Kisha akaona kitu kinakimbia kando ya barabara, sambamba na gurudumu la mbele. Mgongo uliolala nyuma. Shingo nene.

Fisi.

Hakukimbia kama mnyama aliyeshtuka. Alikimbia kama anasindikiza. Kwenye mwanga wa taa Magesa aliona sikio lake la kushoto lina mikato mitatu.

Kidole chake kikaenda kwenye honi, maana yeye alizaliwa Butiama, na huko mtoto hufundishwa mapema kwamba kuna fisi wa porini na kuna fisi wa mtu. Wa mtu hupandwa mgongoni usiku, na mwenyewe anampenda kuliko ng'ombe. Magesa alipokuwa mdogo wazee walimuua mmoja kwenye zizi la mbuzi, na kulipopambazuka kilio kikasikika nyumba ya tatu. Mama mmoja aliyelala mzima hakuamka. Ukimuua mnyama, umemuua mpandaji.

"Usipige honi," Dafroza alimwambia sikioni. "Mwache aende."

Kwenye njia panda ya Butiama mzee mmoja alisimama katikati ya barabara. Magesa alifunga breki. Fisi hakuwepo tena. Mzee alisogea na fimbo yake, akainama, akaweka kiganja juu ya ekzosi. Chuma kile kilikuwa cha moto wa kuunguza. Mzee hakutoa mkono.

"Mnyama wa nani huyu?"

"Ni pikipiki, mzee. Ni yangu."

"Sijauliza aliyenunua."

Kisha akamwona aliyekaa nyuma. Mzee yule, wa rika la babu yake Magesa, akavua kofia. Akapiga goti moja kwenye vumbi.

"Shikamoo," alisema.

Magesa hakujua aangalie wapi. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mzee akimwamkia binti.

"Marahaba," Dafroza alijibu taratibu, kama mtu aliyezoea.

Nyumbani kwao Buhare, nje kidogo ya Musoma, Dafroza akiwa anapakua ugali, Magesa alimuuliza. Dafroza alicheka kidogo. Alisema wazee wakizidi umri huchanganya watu, labda amemfananisha na mama yake. Magesa akakubali. Mapenzi yana masikio yake, husikia yanachotaka.

Biashara ikafunguka kweli. Masatu, mvuvi wa Guta aliyekuwa na nyavu nyingi kuliko wote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshikia samaki. "Yako naisikiaga tangu kwenye mashamba ya pamba," alimwambia. "Hata mtoto wangu anaijua, anasemaga shemeji anakuja." Alimwita shemeji kwa sababu Dafroza alikuwa wa ukoo wao. Mara nyingi alimfungia Magesa samaki mmoja wa mboga, bure, ampelekee dada.

Halafu yakaanza ya asubuhi.

Magesa alitoka nje kunawa uso, akapitisha mkono juu ya ekzosi.

Ilikuwa ya moto.

Ufunguo ulikuwa chini ya mto wake. Petroli haikupungua hata tone. Lakini kwenye spoku za magurudumu palikuwa na mbegu za majani yale yanayoota kando ya mashamba ya Guta, na juu ya kiti umande ulikuwa umefutika mahali pamoja, mahali pa mtu mmoja mwembamba. Dafroza alikuwa amelala, anapumua vizuri, nyayo zake safi. Magesa alizikagua, kisha akajionea aibu kwa kuzikagua.

Ikawa hivyo tena, na tena. Yeye akafuta mbegu, akaenda mwaloni.

Siku moja alifika mwaloni akakuta wavuvi wamegeuza migongo. Masatu peke yake ndiye aliyemfuata, akamvuta kando ya mitumbwi. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukesha.

"Shemeji, unakujaga kwetu usiku kufuata nini?"

"Mimi? Mimi usiku nalala."

"Sauti yako inazungukaga nyumba. Ikizunguka, asubuhi tunachimba kaburi. Ilizunguka kwa baba mdogo tukamzika. Ilizunguka kwa Benedikta, mjamzito wa watu, tukazika wawili." Masatu aliangalia nyuma. "Sungusungu wa kijiji wanataka kukuchoma, na pikipiki yako. Nimewaambia hapana, huyu namjua, kuna mtu anaiga mlio wake. Sijui wataniamini mpaka lini. Itoe hiyo kitu, shemeji. Ikate, itupe ziwani."

Magesa alimshika mkono kwa nguvu. "Nitaikata leo. Haki ya Mungu, leo."

Na alikusudia. Alirudi Buhare mchana kweupe, akaegesha pikipiki chini ya kivuli cha banda, akaifungua ekzosi, akaibana kwa miguu yake na kuchukua msumeno wa chuma. Jikoni, ng'ambo ya ua, alimsikia Dafroza akiimba na kuosha mboga. Aliona nafuu moyoni. Chuma ni chuma, na hapa yangekwisha.

Akavuta msumeno mara ya kwanza.

Dafroza akakohoa.

Akavuta tena. Akakohoa tena, kikohozi kikavu, kinachokwaruza.

Magesa alisimamisha mkono. Kikohozi kikasimama. Wimbo ukaendelea pale ulipokatikia.

Moshi wa jikoni huo, alijiambia. Akachukua kipande cha bomba la baiskeli, akakikata kwa nguvu zake zote mpaka kikaanguka. Jikoni Dafroza aliimba tu, bila kukatiza. Basi akarudi kwenye lile bomba jeusi. Akaubana msumeno kwenye alama aliyoianza, akavuta mara nyingi mfululizo, macho ameyafumba.

Chungu kikaanguka jikoni.

Alipofumbua macho, ufa ulikuwa umefunguka kwenye bomba, na ndani yake hakukuwa na katani. Kulikuwa na manyoya. Manyoya magumu, ya madoa, ambayo moto wa injini haukuyachoma hata moja. Yalikuwa yamelowa.

Alikimbia. Dafroza alikuwa amepiga magoti kando ya mafiga, maji yametapakaa, amejishika shingo. Alifuta midomo kwa pindo la kanga. Pindo likawa jekundu. Alimwangalia mumewe bila mshangao, na hilo ndilo lililomuumiza Magesa kuliko damu.

"Umefika nusu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Robo," Magesa alisema. Alikuwa analia.

"Nilipewa nikiwa mtoto, mume wangu. Bibi alipokuwa anakufa. Sikuulizwa." Alivuta pumzi, ikapiga mluzi shingoni. "Nilidhani nikiolewa mbali itanisahau. Ikaja Bunda ikanisubiri."

"Na wale wa Guta? Ni ndugu zako."

Dafroza aliinamisha kichwa. "Inaanzaga na ndugu."

Kuku walikuwa wanadonoa mboga zilizomwagika. Jirani alipita nje ya uzio akawasalimu, nao wote wawili wakaitikia, kama watu wa kila siku.

"Siku ile nilichagua mimi," Dafroza alisema. "Leo chagua wewe. Ukimaliza kukata, sitakulaumu. Nitalala hapa hapa." Na kweli akajilaza kwenye udongo uliolowa, akafunika uso kwa kanga.

Magesa alirudi bandani. Aliuokota msumeno. Alimfikiria Masatu na macho yake mekundu. Alimfikiria Benedikta na mtoto wake asiyepata jina. Kisha akamsikia mkewe jikoni akimeza mate, kwa shida, peke yake.

Jioni ile alikwenda mjini kwa mchomeleaji mmoja asiyemjua, akazibiwa ufa. Aliomba ichomelewe taratibu, kwa moto mdogo, kama mtu anayeomba sindano isiume.

Pikipiki akairudishia ekzosi iliyokuja nayo, ile ya kimya. Mwaloni alifika tena amechelewa, akakuta mizani imelowa, lakini Masatu alimpokea kwa mikono miwili. "Umeitupa?" aliuliza. Magesa alisema ameitupa ziwani, mbali. Masatu akamshukuru mbele ya watu. Akamfungia samaki wa mboga.

Haikuwa ziwani. Ilikuwa darini, juu ya kitanda chao, imevingirishwa blanketi. Na upepo wa ziwa una unyevu, hula mabati na misumari, hauchagui. Haukupita muda doa la kutu likajitokeza kando ya mikato mitatu. Dafroza akaanza kukonda, akaota kidonda shavuni kisichosikia dawa. Magesa hakuambiwa la kufanya. Alinunua grisi, akapanda darini kila Jumapili kabla ya misa, akasugua, akapaka. Kidonda kikafunga. Dafroza akarudia kuimba sauti ya kwanza.

Guta palikuwa kimya, na Magesa akaanza kuamini kwamba kimya kitadumu.

Jumapili moja alipanda kama kawaida, kopo la grisi mkononi. Pikipiki ilikuwa uani, baridi, umande mzima juu ya kiti. Alifunua blanketi.

Mbegu za majani zilikuwa zimeshika kwenye manyoya ya blanketi. Harufu ya nywele zinazoungua ilijaa dari yote. Akaweka kiganja juu ya chuma.

Kilikuwa cha moto wa kuunguza, na mkono wake haukuungua.

Nje, mtu alikuwa anagonga uzio. Alikuwa ametumwa na watu wa Guta, yuko njiani kwa baiskeli tangu usiku wa manane. Alisema waje upesi, yeye na mkewe. Wenzake walimwamsha Masatu usiku waende kuvua. Hakuamka.

Magesa alisikia yote akiwa darini. Alilia kimya, akiwa ameuma kitambaa. Kisha, kwa sababu asubuhi ile ilikuwa na ukungu na unyevu mwingi, alichota grisi kwa vidole viwili na kuanza kupaka, akianzia kwenye mikato mitatu.

Chini kitandani, Dafroza aligeuka.

"Umepaka na ndani?" aliuliza kwa sauti ya usingizi.

"Napaka," alisema Magesa.