Wenye Mti Wamepewa Nyumba

Fundi cherehani alidhani bintiye ndiye aliyemwaga maji. Alikuwa ameacha kitambaa cha gauni mezani, kikavu, kimepigwa pasi, akaenda dukani kununua uzi. Aliporudi kimelowa chapachapa, kinanuka majani yaliyooza. Na hiki kilikuwa kiangazi, jamani, kiangazi cha bomba kukohoa upepo.

"We mtoto, kazi yangu imekukosea nini?"

"Mama, mimi nililala. Na hayo maji ya kumwaga ningeyatoa wapi?"

Wakacheka, yakaisha. Binti alikuwa na mimba ya kwanza, pevu, na alikuja kujifungulia kwa mama yake.

Mama mwenyewe, niseme mapema, alikuwa mtu wa watu hadi anaudhi. Mjane, vyumba vitatu, na hakuna aliyewahi kupiga hodi kwake akarudishwa. Mdogo wake wa kiume, ambaye watu wote walimwita Mziwanda, ni yeye fundi aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni huku anakanyaga cherehani. Sasa Mziwanda ana mke na watoto wake, na kazi yake ni kuendesha msumeno wa mashine kule mlimani, msituni, kwa tajiri wa mbao.

Mambo yakazidi. Dari ikadondosha matone jua likiwa utosini. Nyuma ya kioo ukuta ukaota ukungu wa kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Mchana mmoja hondohondo akalia ndani ya kabati la nguo, na fundi alipolifungua hakukuta ndege, alikuta baridi tu, baridi ya chini ya miti minene ambako jua halijawahi kufika, na harufu ile ya majani, na sauti ya matawi yanayosuguana juu, juu kabisa kupita paa, na nyuma ya nguo zilizotundikwa kitu kikavuta pumzi taratibu, kama msafiri aliyechoka anayeogopa kumwamsha mwenye nyumba. Akafunga kabati. Akajiambia ni panya. Panya gani, bibie wee!

Kisha binti akasema, kwa sauti ndogo, "Mama, mtoto hachezi."

Zahanati wakasikiliza. Moyo upo, muuguzi akasema, lakini unapiga kivivu. Rudini kesho mapema. Walipofika nyumbani binti akajilaza sakafuni, shavu kwenye simenti, anatetemeka. Fundi hakungoja kesho. Alimwita mganga, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi.

Mganga akafunga madirisha, akafukiza ubani, akainama sikioni mwa binti. "Nani yuko humu?"

Midomo ya binti ikafunguka, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake, wala haikuwa ya mtu mmoja.

"Tupo wengi. Mtusamehe kwa unyevu. Hatujui kuishi pakavu."

"Mmemwingilia mtoto wa watu kwa nini?"

"Hatukuingilia, tumepewa. Mti wetu ulikuwa na nyuki, na mbega, na chatu, na sisi. Mwenye msumeno aliweka mkono kwenye gome akasema, tokeni kwa amani, nendeni kwa dada yangu, kuna nafasi, yeye hakatai mtu. Tukatoka. Humu ndani tumetafuta mahali penye joto na maji. Tumepata tumbo tu."

Fundi akaketi palepale chini.

"Ndivyo wanavyofanya wakataji," mganga akanong'ona. "Mti mkubwa una wenyewe. Ukiukata wakiwa wamo, msumeno unakurudia wewe. Kwa hiyo mkataji huwatajia nyumba ya kuhamia. Mwenye nyumba angeweza kuwakataa wakiwa bado nje. Wakishaingia, anayeweza kuwaondoa ni yule aliyewatuma. Ni nani?"

"Ni mdogo wangu," fundi akasema.

Mziwanda alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alipomwona mpwa wake sakafuni hakuuliza kuna nini. Hapo ndipo dada yake alipojua kwamba ni kweli, na roho ikamuuma kuliko ilivyowahi kumuuma.

"Kwa nini mimi, Mziwanda?"

"Dada, ilikuwa lazima nitaje nyumba. Kwangu kuna watoto wadogo."

"Na huyu aliyeko tumboni ni mkubwa?"

Mganga hakutaka kusikiliza ugomvi wa ndugu. "Mti wao bado umesimama?"

"Umeshapasuliwa mbao."

"Umebaki msitu gani?"

"Wa bondeni tu, penye chemchemi. Kwingine kote ni visiki."

"Basi watajie huo, na uape hutaugusa."

Mziwanda akapiga magoti, akamshika dada yake mkono, machozi yanamtiririka. "Nendeni msitu wa chemchemi. Naapa kwa kaburi la mama yetu, sitaukata." Upepo ukapita chumbani kutoka ndani kwenda nje, pazia likavutwa mlangoni, ubani ukazimika. Na tumboni mwa binti mtoto akapiga teke hadi gauni likaruka. Walilia wote, wakacheka wote. Dada mtu akamkaangia mdogo wake mayai. Ndiyo, mayai! Mimi ningemkaribisha na mwiko.

Wiki haikuisha. Asubuhi kweupe mngurumo wa msumeno ukasikika kutoka bondeni. Bomba la uani likatema tope, kisha likanyamaza kabisa. Fundi akapiga simu.

"Tajiri alisema nisipokata ataleta mwingine," Mziwanda akasema harakaharaka. "Msitu ungekatwa tu, dada. Bora mkate niupate mimi."

"Uliapa kwa kaburi la mama."

"Mama angeelewa."

"Umewatajia nyumba ya nani?"

Kwa mbali mti ulikuwa unalia ukielekea kuanguka.

"Ya nani, Mziwanda?"

"Si wameshakuzoea, dada."

Fundi akakata simu. Hakulia. Alisimama katikati ya chumba, akamsikiliza bintiye akiimba uani huku anatandaza nguo za mtoto, akapiga simu nyingine, kwa mke wa Mziwanda. "Wifi, chukua watoto wote uje kwangu. Usiulize. Usifunge hata mlango."

Wifi alifika anahema, mtoto mmoja mgongoni, wengine anawakokota. Fundi akawavuta ndani mmoja mmoja, akamwita na bintiye aingie, akabaki kizingitini peke yake. Barabara ilikuwa inawaka jua, na katikati ya jua lile vumbi likaanza kulowa, alama baada ya alama, pana, nyingi, za miguu isiyoonekana, na nyuma yake nyingine, na nyingine, mlima mzima ukishuka kwa adabu kuelekea mlangoni kwake, na baridi ikamfika usoni, na harufu ile, na pumzi zile za waliochoka zikasimama mbele yake zikingoja aseme karibu, neno ambalo kinywa chake kilikuwa kimelizoea tangu utoto.

"Tumeambiwa kuna nafasi," wakasema.

Aliwahurumia. Walikuwa wamedanganywa mara mbili, kama yeye.

"Hakuna," akasema. "Mwenye msumeno ana nyumba yake. Shukeni mpaka kwenye mashine ya kusaga, mgeuke kushoto, mlango wa buluu. Leo nyumba ni tupu na mlango haujafungwa. Yeye hurudi kazini jioni."

Alama za maji zikageuka, zikaanza kuteremka.

Nyuma yake wifi akamgusa bega, akanong'ona, "Unaongea na nani?"

"Na wageni wa mumeo," akasema, akafunga mlango.