Ngazi Saba za Ufukweni

Jioni ile mke wangu Mwanaheri alinituma ufukweni nikamwite Mwaija, binti yetu wa pekee, kabla ya magharibi. Ilikuwa wiki ya pili tangu tupate Uhuru. Kibao kilichotuzuia kuingia kwenye bustani ya Wazungu kilikuwa kimeng'olewa, na Mwanza nzima ilihamia huko. Niliteremka kutoka Igogo kwa maringo. Ngazi saba za mawe, zinazoshuka kutoka bustanini hadi majini, nilizijenga mimi, Salehe mwashi. Tangu siku nilipozimaliza sikuruhusiwa kuzikanyaga.

Lazima niseme mawe yalitoka wapi.

Mwaka 1954 msimamizi alitaka kazi iishe upesi, na lori la kuleta mawe kutoka mlimani likaharibika. Pale ufukweni palikuwa na malundo saba ya mawe mazuri, meusi, yaliyolainishwa na maji. Nikayachukua. Mvuvi mmoja mtu wa Mara, mzee Okal, akanishika bega.

"Fundi, usichukue. Mtu akifa maji tunamzika pale pale ziwa lilipomtupa. Kila anayepita anamwekea jiwe la ziwani, asiinuke. La mlimani halimshiki."

"Mzee wangu, maiti ainuke aende wapi?" nikamjibu. Vibarua wakacheka, nami nikacheka nao.

Basi jioni ile nilipofika langoni, watu walikuwa wameshaondoka. Ngoma zilisikika mbali, huko mjini. Harufu ya tope ikanijia, tope la chini kabisa ya ziwa. Kisha nikasikia maji yakidondoka.

Ti... ti... ti...

Mwaija alikuwa ameketi ngazi ya chini. Bibi mmoja alikuwa amemshika mkono. Na kila ngazi juu yao ilikuwa na mtu, amenipa mgongo, nguo zimemganda mwilini, zinachuruzika. Nikawahesabu pamoja na yule bibi.

Saba.

"Shikamoo, mama," nikamwambia bibi, kwa mazoea tu.

Akaukaza mkono wa Mwaija.

"Baba," Mwaija alinong'ona bila kugeuka. "Wanataka mawe yao. Ukiyang'oa, wataniachia."

Nilipiga magoti nikalikamata jiwe la juu. Nikavuta mpaka kucha zikatoka damu. Halikutikisika... Ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Mafundi wengine walipunja saruji, mimi sikupunja hata kijiko. Maisha yangu yote nilijivunia jambo hilo, na jioni ile nililia kwa sababu yake.

"Ningoje, mwanangu. Nakwenda kuchukua nyundo na tindo."

"Fanya haraka, baba."

Nilikimbia Igogo, nikarudi mbio. Ngazi zilikuwa tupu, zimelowa kutoka juu hadi chini.

Okal ndiye aliyemkuta Mwaija alfajiri, ziwa limemtupa mchangani. Alimfunika kwa shuka yake, kisha akasema taratibu, "Mzike hapa hapa, fundi. Mwekee mawe."

Nikautembea ufukwe wote. Mwanza ni mji wa mawe, lakini la ziwani, jeusi, laini, sikupata hata moja. Nilikuwa nimeyamaliza kwenye zile ngazi.

Mwanaheri naye hakukubali binti yake alale mchangani kama asiye na kwao. Tukamzika makaburini, kwa sala zote. Siku ya tatu, baada ya hitima, nilirudi kwenye zile ngazi na nyundo. Nilipiga mara mbili tu, watu wakanikamata. Walisema nimetumwa na wakoloni niharibu bustani ya wananchi. Siwalaumu. Wanaipenda ile bustani. Maharusi huenda kupigia picha pale, wamejipanga kwenye ngazi zangu.

Mimi huenda jioni, wakishatawanyika. Mwaija yuko ngazi ya chini, amenipa mgongo, nywele zinachuruzika. Humfunika kanga ya mama yake. Asubuhi naikuta kanga ikielea majini, na mama yake hajui kwa nini kila siku nanunua nyingine.

Hanilaumu, mwanangu. Hajawahi kunilaumu. Ananiambia neno lile lile tu.

"Baba, nasikia baridi. Nifunike."