Uzi wa Buluu Ulioishia Tsavo

Kila asubuhi, vikombe vya chai vikishaoshwa, meza ya jikoni kwa kina Kahonzi hugeuka kuwa darasa. Mama yake, Dorcas, aliyekuwa mwalimu zamani, humsomesha nyumbani katika mtaa wa Barani, mjini Malindi. Kengele ya shule hiyo ni redio. Taarifa ya habari ikiisha, masomo yameanza.

Asubuhi hiyo redio ilisema mvua kubwa imenyesha Machakos na Mto Athi umevunja kingo zake.

"Basi leo tumeletewa jiografia mpaka mlangoni," Mama alisema. Akampa Kahonzi uzi wa buluu na pini. "Ufuate mto huo kwenye ramani ya ukutani, toka unakoanzia hadi unakoishia. Mimi naenda kuchota mchanga wa somo la sayansi."

Kahonzi akaanza vizuri, pini baada ya pini. Alipofika Tsavo, akasikia sauti dirishani. Alikuwa Lynn, mtoto wa jirani.

"Wee Kahonzi, kamba inakungoja! Au umeolewa na vitabu?"

Kwenye ramani mstari wa mto uliendelea. Kahonzi aliuona kwa macho yake mawili. Lakini jina la Athi halikuendelea, na mguu wake mmoja ulikwisha kufika mlangoni. Akakata uzi.

"Nimemaliza, Mama! Unaishia Tsavo."

"Una hakika?"

"Ndiyo, Mama." Huyoo, mbio, kuruka kamba.

Aliporudi akihema, alikuta sinia kubwa limejazwa mchanga mkavu, upande mmoja umeinuliwa kwa tofali. Katikati Mama alikuwa amechora kijito kwa kidole, na upande wa chini, ukingoni mwa kijito, ameweka kisoda. Akamimina maji kule juu. Maji yakateremka, yakaparura mchanga, yakakizoa kisoda.

"Haya, huku chini kwenye kisoda, mvua imenyesha?"

"Hata tone."

"Na mbona kimechukuliwa?"

"Kwa sababu maji ya juu yanashuka mpaka..."

Kahonzi alimkumbuka mjomba wake Kenga. Alikuwa akilala kwenye kibanda ukingoni mwa Mto Sabaki, kaskazini mwa mji, akilinda matikitimaji na mbuzi wa nyanya yake Kahonzi, Hawe Kanze. Kahonzi akaitazama ramani. Mstari ule uliteremka kuelekea pwani.

"Mama, nimekudanganya. Mto hauishii Tsavo. Niliuona unaendelea, nikakata uzi nikacheze."

Mama hakumgombeza. Aliweka kidole pale Tsavo, wakaufuata mto pamoja. Baada ya Tsavo uliitwa Galana. Ulipokaribia pwani uliitwa Sabaki. Ukaingia baharini papo hapo, juu kidogo ya Malindi.

"Kenga!" Mama akasema, na mkono ulishafika kwenye simu.

Mjomba aliposikia habari, alicheka. "Dada, jua linawaka, mbuzi wanagombania kivuli! Huo Athi ni mto wa watu wa bara. Waachie maji yao."

Kahonzi akaomba simu. "Mjomba, Hawe yuko hapo?"

"Ndiyo kwanza afike na chakula changu. Ngoja."

Hawe, yaani nyanya yake, hakuwahi kukataa kitendawili.

"Shikamoo, Hawe. Kitendawili!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tega!"

"Azaliwa bara, afia baharini, na njiani abadili jina mara mbili."

Hawe akasema polepole, "Si mto huu wetu?"

"Ndio huo Athi wa redioni, Hawe! Maji yako njiani!"

"Salaale! Ndiyo maana mwaka ule mto ulitufurikia jua likiwaka, tukabaki vinywa wazi!" Sauti ikamgeukia Kenga. "Na wewe, unacheka nini? Fungua mbuzi! Matikiti mabivu tuchume, mabichi tuuachie mto."

"Lakini Mama, anga jeupe..."

"Anga ndilo lililokuzaa? Panda juu!"

Siku mbili Kahonzi hakuonja raha. Siku ya tatu, chai ikiwa mezani, simu ikalia.

"Mjomba! Uko wapi?"

"Niko mlimani kwa Hawe wako, nala tikiti. Mbuzi wote wazima. Mto umekuja mwekundu, unanguruma. Kibanda changu kimekwenda baharini. Ukikiona huko Malindi, nisalimie!"

Kahonzi alicheka hadi machozi yakamtoka. Mama alikaa kitini, akashusha pumzi ndefu, kisha akamvuta binti yake karibu.

"Mwanangu, kosa lako nililisamehe ulipolitaja. Ungelificha, leo tungekuwa matangani. Mtu akisema 'sijamaliza', atangojwa kidogo tu. Akisema 'nimemaliza' na hajamaliza, mwenzake huenda akazama."

Dirishani Lynn alikwisha kufika. "Kahonzi! Kamba!"

"Ningoje!" Kahonzi akajibu, akiuvuta uzi wa buluu hadi ukingo wa bahari. "Imebaki pini moja."